CD4 zake zilikuwa nyingi tu, na utumbo ulikuwa bado unatoa damu

Kuna kauli inanikera sana siku hizi, "kinga yako imeshuka, tafuta kitu cha kuongeza kinga". Mtu akikonda kidogo anaambiwa hivo, akiharisha wiki mbili anaambiwa hivo, akitoka vidonda mdomoni ndo kabisa. Mdogo wangu ameambiwa na shangazi, ameambiwa na majirani, ameambiwa na muuza duka la dawa, mpaka akawa anakoroga unga wa majani fulani kwenye uji asubuhi na jioni, na muda wote huo ugonjwa alionao ni wa kinga inayopiga kazi kupita kiasi ndani ya utumbo wake mwenyewe. Hakuna kilichoshuka pale, kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ukweli huo mapema kwa lugha anayoielewa, ndo maana naandika, na yeye ameniruhusu niandike.

Ana kolaitisi ya vidonda, moja kati ya magonjwa mawili makubwa ambayo madaktari wanayaweka kapu moja na kuyaita IBD, yani magonjwa sugu ya kuvimba kwa utumbo, lingine ni ugonjwa wa Crohn. Sio magonjwa mapya, kolaitisi ilielezwa na daktari Samuel Wilks kule London mwaka 1859, na Crohn ikaelezwa New York mwaka 1932 na Burrill Crohn akiwa na wenzake Ginzburg na Oppenheimer. Kolaitisi inakaa utumbo mpana peke yake, inaanzia chini karibu na njia ya haja kubwa halafu inapanda, na inakula tabaka la ndani. Crohn yenyewe inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi huko chini na inachimba ukuta mzima wa utumbo mpaka mwingine anatoboka.

Mimi ni mtu wa maabara. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya mkoani Njombe, na wanaojua takwimu za VVU Tanzania wanajua Njombe ina maana gani, kwa hiyo CD4 kwangu sio kitu cha kwenye vitabu. Chupa yenye kofia ya zambarau inakuja kutoka CTC, kliniki ya wenye VVU, unaichanganya taratibu usiivunjevunje damu, unavuta maikrolita 50 unaweka kwenye kichupa chenye kingamwili zilizopakwa rangi inayong'aa, unaiacha gizani saa nzima ndo unaipitisha kwenye mashine, na kikaratasi kinatoka na namba za CD3, CD4 na CD8. Zile kingamwili zinanasa protini zilizopo juu ya seli. CD3 ndo alama ya seli T zote, ambazo ni aina moja ya chembe nyeupe za kinga, halafu ndani ya hizo kuna zenye CD4 zinazotoa maelekezo kwa seli nyingine na zenye CD8 ambazo kazi yao kubwa ni kuua seli zilizoambukizwa. Kwa hiyo mtu akisema "CD4 zangu" anaongelea seli T za kundi moja, hata kama hajawahi kusikia jina seli T maishani.

Namba ile ilikuwa inaamua maisha ya mtu. Zamani mstari wa kuanza dawa ulikuwa 200, mwaka 2010 WHO wakapandisha hadi 350, 2013 ikawa 500, na 2015 wakasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja namba yoyote. Miaka yote hiyo washauri nasaha walikuwa wanafundisha kwamba CD4 ni askari wa mwili, wakiwa wengi uko salama, wakipungua uko hatarini, na somo lile liliokoa watu, naliheshimu mpaka leo. Ila limeacha kizazi kizima kinachoamini kinga ni kitu cha kuongeza tu, na hapo ndo nataka tuongee, kwa sababu askari wengi wenye silaha ambao hawajui nani mwenyeji na nani mvamizi sio usalama kwa mtu yeyote.

Mdogo wangu alianza na tumbo la kukata na choo chenye damu na ute. Kwanza akapewa Flagyl, na kwa kweli sio uamuzi mbaya, amiba zipo na zinatoa choo cha namna hiyohiyo, na mtu mwenye amiba ukimpa dawa za kushusha kinga unaweza kumuua. Shida ni kwamba Flagyl ilirudiwa, ikarudiwa tena, ikaongezwa dawa ya taifodi kwa sababu ya kipimo cha Widal ambacho huku kwetu kinatoa majibu ya kupotosha kila siku. Akapima VVU, hana. Akapima tena sehemu nyingine, hana. Shangazi hakuridhika, akamlipia kipimo cha CD4 kwenye maabara ya mtu binafsi, majibu yakaja zaidi ya 900. Nyumbani watu wakashangilia, mama akasema Mungu ni mwema, na usiku ule ule mwenzetu aliamka kwenda chooni mpaka mama akaacha kuzima taa ya koridoni.

Damu ya mkononi ina kama asilimia 2 tu ya limfositi zote za mwili, yani zile chembe nyeupe ambazo seli T ni mojawapo, hilo naomba mlishike vizuri. Nyingine zote ziko kwenye tezi, kwenye wengu, kwenye uboho, na zilizo nyingi ajabu ziko kwenye ukuta wa utumbo. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba VVU vikiingia mwilini vinafagia seli za CD4 za kwenye utumbo ndani ya wiki za mwanzo kabisa, wakati kwenye damu bado unahesabu namba nzuri tu. Kwa hiyo namba ya mkononi haikuambii kinachoendelea tumboni, iwe kwa VVU au kwa IBD. CD4 za 900 za mdogo wangu zilikuwa za kweli, mashine haikukosea, ila swali lililoulizwa halikuwa lenyewe.

Kwa nini utumbo uwe na seli T nyingi hivyo? Fikiria unachomeza kwa siku moja, ugali, mboga, maji, vumbi, na juu ya hapo utumbo mpana wenyewe umebeba bakteria matrilioni wanaoishi humo kihalali. Kati yao na damu yako kuna ute na mstari mmoja tu wa seli, mmoja, ukiukata na kuuangalia kwenye hadubini unaona kabisa jinsi ulivyo mwembamba. Seli T zinazaliwa kwenye uboho zinakomaa kwenye tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo watu waliidhani haina kazi mpaka Jacques Miller alipoonyesha umuhimu wake mwaka 1961. Zikitoka pale zinazunguka mpaka zipite kwenye vituo vya kinga vya utumbo, yale mabaka aliyoyaelezea Johann Conrad Peyer mwaka 1677, na ndo sehemu hizohizo taifodi inapenda kutoboa. Pale seli za dendritiki zinazionyesha vipande vya bakteria na chakula, na zinatumia vitamini A kutengeneza asidi ya retinoiki inayoifanya seli T ivae protini inayoitwa alfa4beta7. Seli yenye protini hiyo ikizunguka kwenye damu inanasa kwenye mishipa ya utumbo, kwa sababu mishipa ile ina kinachopokea, MAdCAM-1, na inaingia ukutani kukaa. Hii alfa4beta7 nitairudia kwenye dawa.

Sasa zikishafika, zinafanya nini? Nyingi zinatakiwa zinyamaze, na kunyamaza kwenyewe ni kazi inayofanywa na seli maalumu. Jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye habari hii lilifanyika mwaka 1993, Fiona Powrie akiwa Marekani na wenzake akina Robert Coffman. Walichukua panya wasio na seli T kabisa, wakawapa seli T za CD4 kutoka kwa panya wazima, ila walizigawa makundi mawili kwa kuangalia protini moja ya juu ya seli. Panya waliopewa kundi la kwanza peke yake, zile changa ambazo hazijawahi kupambana na kitu, baada ya wiki kadhaa wakakonda na utumbo mpana ukavimba vibaya. Panya waliopewa makundi yote mawili kwa pamoja hawakuumwa. Seli zilezile zilizoleta ugonjwa zilikuwepo mwilini, zimetulia, kwa sababu zenzake zilikuwepo kuzizuia! Mwaka huohuo 1993 kundi la Ujerumani likaonyesha kwamba panya waliokosa saitokini moja, yani protini ambayo seli za kinga zinatumia kupeana ujumbe, inayoitwa intalukini 10 nao wanaugua utumbo, na baadaye ikaonekana kwamba wakilelewa mahali pasipo na bakteria wowote hawaumwi. Ukiviweka pamoja unapata ugonjwa wenyewe, yani seli T zinazowapigania bakteria wa kawaida wa tumboni, na breki haipo au imelegea.

Zile seli za kuzuia ndo leo zinaitwa Treg. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha vizuri mwaka 1995, na Mary Brunkow na Fred Ramsdell mwaka 2001 wakapata jini ya FOXP3 ambayo ikiharibika kwa mtoto wa kiume anazaliwa na ugonjwa wa IPEX, anaharisha vibaya tangu uchanga, anapata kisukari, ngozi inaharibika. Wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2025. Na kuna watoto wengine wenye hitilafu kwenye kipokezi cha ile intalukini 10, walielezwa mwaka 2009, utumbo unaoza vidonda kabla hata mtoto hajaanza kutembea, na mmoja wao alipona baada ya kupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Watu wengi wenye IBD hawana jini moja iliyoharibika namna hiyo, wana tofauti ndogondogo nyingi, kwa mfano kwenye jini ya NOD2 iliyogundulika 2001 na kwenye kipokezi cha intalukini 23 iliyotajwa 2006, halafu mazingira na bakteria vinamalizia. Mdogo wangu aliniuliza kama alikula nini cha kumletea hivi. Hakula kitu, na nilimwambia hivyo kwa msisitizo kwa sababu alishaanza kujilaumu.

Nilimwomba mtaalamu wa patholojia anionyeshe slaidi ya biopsi yake, kile kipande kidogo kilichokatwa kwenye utumbo. Kwenye utumbo mpana usio na ugonjwa, tezi za ukutani zimenyooka zimejipanga, unaona rangi ya waridi na nafasi zenye ute. Yake zilikuwa zimepinda, nyingine zimegawanyika matawi, mbili tatu zimejaa nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, katikati kama usaha, na chini yake ni zambarau tupu, limfositi na seli za plasma zimebanana mpaka huoni kingine. Kwa rangi ya kawaida huwezi kusema hii ni seli T hii ni B, unahitaji kupaka kingamwili ya CD3, ila nikiwa nimeinamia pale nilielewa kwamba hii ndo ilikuwa hesabu halisi, sio ile ya mkononi. Seli T zile zinamwaga saitokini za kuwasha uvimbe, zinamwaga TNF, zinamwaga interferoni gama, nyingine zinazoitwa Th17 zinamwaga intalukini 17 zikichochewa na intalukini 23, nyutrofili zinaitwa kutoka kwenye damu, mstari wa seli unapasuka, bakteria wanapenya, na wakipenya seli T zinapata sababu mpya ya kuendelea. Inajizungusha yenyewe hivo.

Kuna kitu kimoja kilichoripotiwa tangu 1988 ambacho mtu wa Njombe hawezi kukisahau: wagonjwa wa Crohn walioambukizwa VVU, CD4 zikishuka, utumbo ukatulia. Ripoti zilizofuata hazikukubaliana zote, na hakuna mwenye akili atakayeitaka nafuu ya namna hiyo, lakini ukilifikiria unaona wazi kwa nini mgonjwa wa IBD usimwambie aongeze kinga.

Dawa nazo ukizipanga zinasimulia habari hiyohiyo. Prednisoloni inazima karibu kila kitu haraka, ndo maana mtu anapata nafuu ndani ya siku chache, na ndo maana huwezi kuishi nayo, sukari inapanda, mifupa inaisha, uso unavimba. Azathioprini inazifanya seli T zinazotaka kuzaliana zife, ila inachukua wiki nyingi mpaka miezi kuonyesha kazi, na lazima upime picha ya damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe zote, hapo mimi ndo namganda mdogo wangu kila mara, umepima? Kisha zikaja bayolojiki, kingamwili za kutengenezwa zinazolenga kitu kimoja tu. Infliksimabu, iliyokubaliwa Marekani kwa Crohn mwaka 1998, inakamata TNF. Vedolizumabu, ya mwaka 2014, inaiziba ile alfa4beta7 niliyoitaja, yani seli T inabaki kwenye damu inazunguka bila kuingia ukutani, na sehemu nyingine za mwili zinaendelea kulindwa. Mi naona hiyo ni akili ya hali ya juu.

Lakini pia walijaribu kuziba intalukini 17 kwa dawa ya sekukinumabu, kila mtu akitegemea mafanikio, na matokeo ya 2012 yakaonyesha wagonjwa wa Crohn walifanya vibaya kuliko waliopewa dawa bandia, na fangasi wakaongezeka, kwa sababu intalukini 17 hiyohiyo inasaidia kutunza ukuta wa utumbo. Ukipanda juu kidogo ukaziba intalukini 23 inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo hata kusema "tupunguze kinga" haitoshi, unauliza kinga ipi, wapi, kiasi gani.

Na sasa TB, ambayo kwa nchi zetu ndo mlango wa kila uamuzi hapa. Kwanza TB ya utumbo inapenda palepale panapopendwa na Crohn, mwisho wa utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, na zote zinatengeneza granuloma, vile vifundo vya seli za kinga vinavyoshikiliwa na seli T. Ya TB mara nyingi ina uozo katikati unaofanana na jibini, ya Crohn haina, ila kipande cha biopsi ni kidogo na uozo unaweza usiingie kwenye kipande. Ukimpa mwenye TB dawa za Crohn umemfungulia TB mwili mzima, na ukimpa mwenye Crohn dawa za TB miezi sita kwa kubahatisha, ugonjwa wake unaendelea kuchimba. Pili, watu wengi wamebeba TB iliyolala, na kinachoilaza ni seli T na TNF inayoshikilia vifundo hivyo visifunguke. Mwaka 2001 zilitolewa ripoti za wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza infliksimabu, wengi ndani ya miezi michache, na tangu hapo hakuna anayetakiwa kuanza dawa ile bila kupimwa.

Vipimo vyenyewe navyo ni vya seli T. Ile sindano ya Mantoux mkononi, uvimbe unaopimwa kwa rula baada ya siku mbili tatu ni seli T zilizokumbuka TB, na kipimo cha damu cha IGRA kinapima interferoni gama zinayotoa zikikutanishwa na protini za bakteria huyo. Sasa mtu ambaye tayari yuko kwenye prednisoloni seli zake zimetulizwa, zinaweza zisijibu, na kipimo kikasema hana wakati anayo. Kwa hiyo kama kuna uwezekano pima kabla ya steroidi kama hiyo prednisoloni, na picha ya kifua ipigwe, na choo kiangaliwe minyoo ya strongiloidi maana steroidi zinaiachia isambae mwilini na inaua. Mdogo wangu alipata bahati ya daktari aliyekataa kuandika chochote kikali mpaka hayo yote yaishe. Shangazi alikasirika kwamba anacheleweshwa, lakini yule daktari alikuwa anamlinda.

Watu wananiuliza chakula. Bakteria fulani wa utumboni wakila nyuzinyuzi wanatoa butireti, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwa panya kwamba butireti inaongeza Treg kwenye utumbo mpana. Ni habari nzuri na mimi naipenda dona na maharage, ila ugonjwa ukiwa umewaka nyuzinyuzi nyingi zinaweza kumtesa mtu, na hakuna bakuli la maharage linaloweza kuchukua nafasi ya azathioprini. Ule unga wa majani tulimwondolea kwa sababu rahisi, hakuna aliyejua ndani yake kuna nini, na mtu anayetumia dawa inayogusa ini na uboho hawezi kuongezewa kitu kisichojulikana.

Sasa hivi yuko vizuri, anafanya kazi, amerudisha kilo. Na swali limebadilika, sasa wanamuuliza ataacha lini dawa maana amepona. Seli T zina kumbukumbu, na baadhi ya zile za kumbukumbu hazirudi kwenye damu, zinabaki ukutani palepale zilipopigana, zinaweza kukaa miaka. Kamera ikipita utumbo unaonekana umepona na bado zipo. Ndo maana ugonjwa huu ukirudi mara nyingi unarudi mahali ulipokuwa, na ndo maana dawa zinaendelea mtu akiwa hana dalili hata moja. Mwezi uliopita shangazi alimuuliza tena mbele ya watu, akamjibu mwenyewe, "Shangazi, dawa naendelea nazo, na picha ya damu napima Jumatatu," akaendelea kula.